Elimu Iliyotoka Singida Isirudi

Utemini ni kata mojawapo ya Manispaa ya Singida, na jina lake limebeba utemi tumboni mwake, ingawa mgeni afikaye leo haoni kiti cha mtemi wala ngoma zake, bali huona nyumba za bati, maduka ya mahitaji madogo madogo, madumu ya mafuta ya alizeti yaliyopangwa kandokando ya njia yakimeremeta kwa jua la jioni, na yale majabali makubwa ya Singida yaliyokaa moja juu ya jingine kana kwamba mtu aliyapandisha akasahau kuyashusha. Hapo ndipo nilipokaribishwa, Jumamosi moja ya kiangazi, upepo ukivuma bila adabu, barazani kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Tukala ugali wa uwele kwa mlenda, na baada ya kunawa mikono tukawa tunamtazama mjukuu wake, kijana asomaye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye muda wote huo alikuwa kainamia simu kama mtu asomaye barua ya msiba.

"Mbona umenuna?" akauliza mzee.

"Babu, nimeipata makala niliyoitafuta wiki nzima. Inahusu alizeti ya hapa hapa Singida. Lakini wanataka dola thelathini na tano ndipo waifungue."

"Nani azitakaye? Huyo aliyeiandika?"

"Hapana, babu. Kampuni iliyoichapisha."

"Kampuni hiyo ilikuja shambani?"

"Haikuja."

"Na huyo mwandishi, alipokuja kutuuliza maswali yake, alitulipa?"

Kijana akacheka. "Babu, kwani si wewe uliyempa na jogoo akaondoka naye?"

Mzee hakucheka. Nami naandika makala hii kwa ajili ya jogoo yule.

Watu wengi wasiokuwa na ujamaa na vyuo vikuu hudhani kwamba mtafiti aandikapo katika jarida la kitaalamu hulipwa ujira kama alipwavyo mtunzi wa riwaya au walau kama alipwavyo mwandishi wa gazeti, ilhali mambo ni kinyume kabisa. Mtafiti huomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, ile iitwayo COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Huteremka na barua yake kutoka mkoani hadi wilayani, kutoka kata hadi kijiji. Hukaa na wakulima chini ya mti, nao humjibu kwa hisani tu, na siku zao za palizi zikapotea. Hurudi, akahesabu, akaandika, akapeleka. Jarida nalo huwapelekea andiko lake wanazuoni wawili au watatu wa fani ile ile ili walipime, nao hulipima bila malipo, kwa kuwa ndivyo ilivyo ada ya wanazuoni tangu zamani. Hata kufikia hapo jarida halijamlipa mwandishi wala wapimaji hata senti. Kisha, wakati andiko limekwisha kukubaliwa na mwandishi amejaa furaha, aghalabu usiku, aghalabu kwa simu, huletewa hati fupi yenye kisanduku cha kubonyeza, na ndani ya hati ile, kwa maneno ya kisheria yasiyosomwa na mtu mwenye furaha, huwa amekubali kuihamisha hakimiliki ya kazi yake kwa mchapishaji, daima dumu, katika nchi zote, kwa lugha zote. Akabonyeza. Mlango ukafungwa, naye mwenyewe akabaki nje pamoja na babu wa Utemini.

Sisemi kwamba wachapishaji hawana kazi. Kuna kuhariri, kupanga kurasa, kutunza mitambo na kumbukumbu, na haya yote yana gharama. Lakini Elsevier, kampuni kubwa ya Uholanzi iliyo mbele katika biashara hii, kwa miaka mingi imekuwa ikitangaza faida inayozidi asilimia 30 ya mapato, na biashara ambayo mali ghafi huipata bure, wapimaji huwapata bure, kisha huiuza bidhaa kwa vyuo vile vile vilivyoilipia kazi hiyo mishahara, si rahisi kuionea huruma.

Sheria yetu haikumnyima mtunzi kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyotuletea COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, humpa mtunzi haki yake tangu pale kazi inapotungwa, hata kama hakuiandikisha popote. Nayo huigawa haki hiyo mafungu mawili: haki za kiuchumi, yaani kunakili, kusambaza, kutafsiri na mengineyo, ambazo mtu aweza kuziuza au kuzitoa, na haki za kimaadili, yaani kutajwa kuwa ndiye mtunzi na kuilinda kazi isipotoshwe. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Msomaji na apige hesabu: binti wa miaka thelathini atiaye sahihi leo, Mungu akimjalia kuishi hadi themanini, ameifunga makala yake kwa miaka mia moja. Hakuna mwizi aliyeingia usiku. Haki imetoka kwa kalamu ya mwenyewe.

Nami si mtakatifu katika jambo hili. Katika ujana wangu niliandika makala moja juu ya majina ya mahali, ikapokewa na jarida moja la ng'ambo nisilotaka kulitaja, nikatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja, kisha nikaivimbia kichwa ile barua ya kukubaliwa mwaka mzima. Miaka ilipopita, nakala yangu ilipokwisha kuliwa na mchwa, nikaitafuta makala ile katika intaneti. Nikaikuta, jina langu juu yake kwa herufi nzuri, na chini ya jina langu bei. Nililipa. Mke wangu hata leo hunikumbusha kwamba mimi ni mtu niliyenunua maneno yangu mwenyewe.

Singida ina kisa chake katika habari hii, na ni cha kale kuliko intaneti. Mwaka 1959 na 1960 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, alikaa miongoni mwa Wanyaturu akichunguza uchumi wao, ng'ombe na nafaka, mahari na ardhi, jinsi mtu alivyopata na jinsi alivyopoteza. Na kitabu chake juu ya Wanyaturu wa Wahi kikatoka Chicago mwaka 1970. Naye bibi Marguerite Jellicoe, aliyefanya kazi na utafiti katika wilaya hiyo hiyo, aliandika katika Tanzania Notes and Records mwaka 1969 juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani, na mwaka 1978 kitabu chake juu ya mabadiliko ya maisha katika Wahi kikachapishwa Nairobi na East African Publishing House. Hizi ni kazi za thamani, nasi twawashukuru waandishi wake. Watoto wa Singida huenda mpirani katika uwanja uliopewa jina la Liti, yule mwanamke ambaye wazee husimulia kwamba aliwapeleka nyuki vitani dhidi ya Wadachi. Walakini nilipowauliza watu niliojuana nao hapo mjini, walimu kwa wafanyabiashara, ni nani aliyekwisha kuvishika vitabu hivyo viwili mkononi, niliambulia mmoja, naye alikiona kimoja Dar es Salaam miaka mingi iliyopita, kwa saa mbili, chini ya macho ya mkutubi. Mambo ya babu zao yameandikwa, yamepimwa, yametajwa na wanazuoni wa mabara yote. Ila wao, kuyasoma, lazima kwanza wasafiri.

Hata hivyo zipo nyakati ambapo haki ya mtunzi ilitunzwa kwa uungwana wa mtu mmoja tu. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akayatia maziwa yake kwenye friza yangali moto, asiyangoje yapoe, akaona kwa macho yake kwamba yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake hakusadiki, na wenzake wakamfanyia mzaha. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, na Mpemba akasimama akamwuliza swali lile lile mbele ya darasa lililomcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Kiingereza la Physics Education, ikiwa na majina mawili, la mwanafunzi likitangulia na la mwalimu wa chuo likifuata. Leo dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Angalitaka, Osborne angaliweza kumtia mtoto yule katika tanbihi ya shukrani chini ya ukurasa, kama wanavyotiwa maelfu ya wakusanyaji wa takwimu wa vijijini wakati huu tunaozungumza, na sheria ya nchi isingalimgusa.

Lakini kutajwa jina ni nusu ya jambo, na nusu ya pili ni kusomwa. Tarehe 14 Februari 2002, kundi dogo la wanazuoni na wakutubi waliokuwa wamekutana Budapest lilitoa tamko kwamba matunda ya utafiti, ambayo waandishi wake huyatoa bila kutazamia malipo, yawekwe wazi katika intaneti ili kila mtu ayasome, ayanakili na ayasambaze, sharti la pekee likiwa mtunzi atajwe na kazi yake isiharibiwe. Huo ndio ufikiaji huria. Mwezi Disemba mwaka huo huo zikatoka leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mtunzi hubaki na hakimiliki yake lakini hutangaza mapema, kwa watu wote, ni ruhusa zipi amewapa.

Wanasheria wa ng'ambo waliposhangilia leseni hizo kama jambo jipya, mtu wa pwani angeweza kuwauliza: je, hamkusikia habari za wakfu? Kwetu, tangu kale, mtu mwenye kitabu alikitoa wakfu, akaandika katika ukurasa wa mwanzo kwamba kisiuzwe, kisitolewe hiba wala kisirithiwe, bali kiwe kwa wenye kutafuta ilimu. Jina la mtoaji likabaki pale kwa dua, na manufaa yakawa ya kaumu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, alioujenga Habib Saleh, una hati za mkono za namna hiyo, na zimepigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Wakfu una mambo mawili ambayo mjadala wa siku hizi huyatenganisha kwa makosa: mtoaji hapotezi jina lake, na msomaji halipi. Mtu akiniambia kwamba ama mtunzi apoteze ama msomaji alipe, namwelekeza Lamu.

Basi ilikuwaje jambo jema kama hilo likatufikia na miba? Ikawa hivi: wachapishaji, walipoona upepo umegeuka, waligeuza tanga. Ikiwa msomaji halipi, walisema, na alipe mwandishi. Mfano ni huu: mwaka 1959 ulimwengu ulipata habari za lile fuvu la kale lililofukuliwa Olduvai, nchini kwetu, kwa kusoma Nature, gazeti la London. Na Januari 2021 gazeti hilo hilo lilianza kumruhusu mwandishi kuiacha makala yake wazi, kwa ada ya euro 9,500, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 25. Ni kweli kwamba mwaka 2023 wenye gazeti walitangaza kuwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, nasi tumo. Na ni kweli kwamba majarida mengi mengine yana misamaha yao. Lakini itazame misamaha hiyo ilivyo. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha kutoka daraja la kipato cha chini, nasi tukashangilia, na tungali tukishangilia, wale wachapishaji ambao huwasamehe maskini kabisa ada yote na waliopanda daraja nusu tu, wakatuhamisha katika madaftari yao. Mshahara wa mhadhiri haukujua kwamba nchi imepanda. Msamaha ni sadaka, na sadaka hutegemea jinsi mtoaji alivyoamka; jambo ambalo mwanazuoni anahitaji kulijua kabla hajaanza utafiti wake haliwezi kutundikwa juu ya msumari huo.

Pembeni ya soko hili wakazuka matapeli. Majarida yenye majina ya fahari, ofisi zisizojulikana zilipo, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku tano, na ada ya kadiri inayolingana na mfuko wa mtu anayengoja kupandishwa cheo. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science aliandika makala ya uongo, yenye makosa ambayo mwanafunzi wa kemia angeyaona, akayapelekea majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yakaikubali. Wapo waliochukua habari hiyo kuwa hoja dhidi ya ufikiaji huria wenyewe, kana kwamba soko lenye vibaka halina wauzaji wa haki. Mimi naona kosa liko kwetu zaidi, katika desturi ya kuwapandisha watu vyeo kwa kuhesabu makala kama mtu ahesabuye magunia bila kuyafungua.

Na tusijifanye hatuna chetu. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina nasaba inayorudi hadi taarifa za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Swahili Forum, lililozaliwa Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure na yeyote mwenye mtandao. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na kuhamia Afrika ya Kusini mwaka 2005, imekusanya mamia ya majarida ya bara hili, mengi yakiwa wazi. Na vyuo vyetu, Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili na Chuo Kikuu Huria chenyewe, vina hazina za kidijiti ambamo tasnifu na makala huwekwa. Hii njia ya tatu, ambapo mwandishi halipi wala msomaji halipi kwa sababu chuo au taifa limebeba gharama, ndiyo niionayo kuwa yetu. UNESCO iliipa nguvu mwezi Novemba 2021 katika pendekezo lake juu ya sayansi huria. Inahitaji fedha, nazo si fedha za kutisha: seva isiyozimika, mhariri anayelipwa, na mkuu wa chuo ambaye halioni jarida la nyumbani kuwa la daraja la pili kwa sababu tu ni la nyumbani. Wizara ya Elimu tangu mwaka wa fedha 2022/23 huwatuza fedha watafiti waliochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Ningeliomba sharti moja dogo liongezwe, kwamba makala iliyotuzwa kwa fedha ya umma iwe imefunguliwa kwa umma.

Kwa mtafiti mmoja mmoja, dawa ni ndogo kuliko anavyodhani. Wachapishaji wengi, hata wale wakali, humwachia mwandishi ruhusa ya kuiweka katika hazina ya chuo chake ile rasimu iliyokwisha kupimwa na kukubaliwa, kabla haijapambwa kurasa za jarida. Wengine mara moja, wengine baada ya miezi kumi na miwili au zaidi. Orodha ya Uingereza iliyokuwa ikiitwa Sherpa Romeo humwonyesha kila jarida lina sharti gani, bila malipo. Ipo nyongeza ya mkataba iliyotungwa na SPARC ya Marekani, ukurasa mmoja tu, ambayo mwandishi huiambatisha na hati ya mchapishaji kusema kwamba anabakiza haki ya kunakili, kufundishia na kuweka wazi kazi yake. Mchapishaji aweza kukataa. Mara nyingine hukubali, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza. Rasimu ile ya mwisho, basi, isifutwe katika tarakilishi. Ni mali, na watu wengi huitupa kama maganda.

Yule kijana wa Utemini nilimshauri jambo la kizamani zaidi: amwandikie mtunzi. Anwani ya barua pepe ilikuwepo chini ya muhtasari, mahali ambapo pamefunguliwa kwa wote. Aliandika usiku ule ule, kwa Kiingereza chenye heshima nyingi kuliko kilivyohitaji, akataja jina la babu yake na, kwa shauri la babu mwenyewe, akamtaja na jogoo.

Kesho yake, tulipokuwa tukinywa chai, jibu likafika. Mtunzi aliomba radhi, akasema hakujua kwamba makala ile ilikuwa inauzwa, akaiambatisha nzima. Mzee akavaa miwani, akainyosha shingo kuitazama ile simu, akatafuta jina la kijiji alichofundishia zamani, akaliona, akafurahi. Kisha akamrudishia mjukuu wake, akamwomba amsomee.

Ilikuwa kurasa kumi na nne, na hapakuwa na neno la Kiswahili ndani yake isipokuwa jina la kijiji. Kijana akavuta kigoda, akaanza kutafsiri.